Bechi au mfululizo: jinsi ya kuamua granyuli za dawa zipite njia gani, na jinsi ya kujionea tofauti jikoni kwenu

Mpwa wangu amerudi Malindi likizo hii akitokea atachimenti ya miezi mitatu kwenye kiwanda cha dawa huko Nairobi, na kabla hata hajanywa maji akaniuliza, mamdogo, hivi ni kweli hizi mashine za kontinyuas, za mfululizo zisizosimama, zitazika bechi zote, yaani kutengeneza mkupuo kwa mkupuo? Walioneshwa video ya laini moja ya uzalishaji ya Ulaya, poda inaingia huku tembe zinatoka kule, hakuna mtu anayebeba pipa, basi vijana wote wakatoka pale wanaiona RMG yao, ile mashine ya kukandia poda kwa bechi, ni chuma cha makumbusho. Nikamwambia kaa kitako kwanza. Mimi nimesimama kando ya RMG miaka 14, bechi nazijua zinavyofurahisha na zinavyoliza, na laini ya mfululizo nimeifanyia kazi mwaka mmoja na nusu, kwa hivyo sina sababu ya kumtetea huyu wala kumponda yule.

Haya ninayoandika ndiyo niliyomwambia, pamoja na ile kazi tuliyoifanya jikoni kwa bibi yake kule Barani, manake haya mambo usipoyashika kwa mkono hayaingii. Ushike hili kwanza: bechi inakusubiri, mfululizo haukusubiri. Bei, ubora, usafi, stima, mpaka upepo wa kusi, yote yanaanzia hapo.

Granyuli ni za nini

Dawa nyingi zikifika kiwandani ni poda laini kama poda ya mtoto. Haimwagiki sawasawa, inajikusanya, inaganda kwenye kuta za hopa, lile faneli kubwa la kumwagia poda, na mashine ya kubana tembe haina mizani ndani yake, yenyewe inajaza shimo la dai, yaani kalibu ya tembe, inabana basi. Shimo likijaa pungufu, mgonjwa anameza dozi pungufu na hajui. Ndio tunazikusanya zile chembe ziwe punje, nyingi zake baina ya milimita 0.2 na 0.5 hivi zikiwa ni za tembe, na kila punje iwe na dawa na wanga na gundi kwa kipimo kile kile ili dawa isijitenge na wenzake njiani. Zinafanywa kwa maji na gundi, ama zinafanywa kavu kwa kupitisha poda baina ya roli mbili itoke utepe mgumu kisha unauvunjavunja. Kuna na dawa ambazo hazihitaji granyuli kabisa, unachanganya unabana, hizo tuziache.

Bechi inavyokwenda

Unapima kila kitu kufuata BMR, karatasi ya maelekezo na kumbukumbu za bechi, wawili mnasaini. Unatia kwenye RMG, lile sufuria kubwa lenye panga linalozunguka chini na kisu kidogo cha ubavuni cha kukata madonge. Usilijaze zaidi ya theluthi mbili, likijaa sana poda ya juu haipati kuzunguka. Changanya kavu dakika 2 mpaka 5, halafu mimina gundi pole pole, ikiwa ni pesti ya wanga ama PVP, gundi ya kiwandani, iliyoyeyushwa kwa maji, kisha uiache ikande.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Unasimama lini? Mashine inakuonyesha ampea za mota zikipanda, na mafundi wenye mkono wanachota konzi wanaifinya, ikishikana donge moja na ukiisukuma kwa kidole gumba ikavunjika bila kutimua vumbi na bila kunata, imefika. Ukiichelewesha kidogo tu unaweza kupata tope, na tope halirudi kuwa granyuli. Mimi naamini ampea na konzi viende pamoja, namba peke yake inadanganya siku wanga ukija wa msambazaji mwengine.

Baada ya hapo unapitisha kwenye chekeche kubwa ingali mbichi, unaingiza FBD, mashine ya kukaushia, ambapo hewa moto kama digrii 60 hivi inapuliza kutoka chini na punje zinachezacheza juu yake mpaka zikauke, unapima LOD, yaani uzito unaopotea mzigo ukikaushwa, nyingi hutakiwa asilimia 1 mpaka 3 lakini fuata faili ya dawa yako, unachekecha tena, unachanganya na vile vya nje, viambato visivyopitia kwenye granyuli, na magnesiamu stearati inaingia mwisho kabisa kwa dakika chache. Usiipitishe dakika hata kama umeitwa simu ya nyumbani. Hiyo stearati inazipaka punje kama mafuta, ikizidi kuzipaka maji hayaingii, tembe inakuwa laini mkononi na nzito kuyeyuka tumboni.

Sasa angalia, kila hatua ikiisha mzigo unakaa kwenye pipa. QC, watu wa kupima ubora, wanakuja kuchota sampuli, majibu yanarudi baada ya saa ama baada ya siku, na wewe unangoja. Ule ungojaji ndio usalama wa bechi, manake ukikosea unyevu unarudisha FBD dakika kumi. Na ndio hasara yake pia. Tembe ya parasetamoli 500 mg ina uzito kama 600 mg ukijumlisha gundi na wanga, basi bechi ya kilo 300 ni tembe 500,000, na ukilikoroga pale kwenye RMG umelikoroga kwa nusu milioni kwa pamoja.

Shida nyingine ya bechi ni kukua. Kile kilichokubali kwenye sufuria la kilo 5 la maabara hakikubali vile vile kwenye la kilo 300, ncha ya panga inakimbia kwa kasi nyengine, maji yanaangukia eneo jengine, uzito wa poda unajikandamiza wenyewe. Anayepika pilau ya watu 6 vizuri ukimpa sufuria la harusi anajua siyo kuzidisha tu vipimo. Miezi inaisha hapo.

Mfululizo unavyokwenda

Kwanza nitoe kosa moja ambalo nimelisikia hata kwa wakubwa, kwamba mfululizo hauna bechi. Bechi ipo, namba yake ipo, kwenye pakiti inaandikwa. Mwongozo wa Q13 wa ICH, baraza la kimataifa la kulinganisha kanuni za dawa, uliopitishwa Novemba 2022 unakubali uieleze bechi kwa kiasi kilichoingia, ama kiasi kilichotoka, ama muda mashine ilioendeshwa kwa kasi inayojulikana. Kwa hivyo saa 4 za kazi zinaweza kuwa bechi, saa 24 zinaweza kuwa bechi, muhimu uwe umeamua na kuandika kabla hujaanza.

Mashine yenyewe: juu kuna fida, kila kiambato ama kila mchanganyiko na fida yake, zinadondosha poda kwa gramu kwa dakika. Zinaingia kwenye pipa jembamba lenye skrubu mbili zinazozunguka pamoja, pampu inaingiza maji ama gundi hapo hapo, sehemu nyengine za skrubu zinasukuma tu na sehemu nyengine zinakanda, na kwa sekunde chache tu poda imekuwa granyuli mbichi upande wa pili. Kutoka hapo ni draya, ya aina niliyofanyia mimi imegawanywa vyumba sita kama chungwa lililokatwa, chumba kimoja kinajazwa, vinavyofuata vinakausha, kimoja kinamwaga, zamu kwa zamu. Kisha kisaga, blenda, tembe. Na njiani mna macho ya mwanga wa infraredi yanayosoma dawa ni kiasi gani na maji ni kiasi gani bila kuchota chochote.

Kitu kigumu cha kwanza ni fida. Watu wanaangalia skrubu kwa sababu ndiyo inayong'ara, mimi ukiniingiza kwenye laini mpya nakwenda kwa fida. Hiyo fida imekaa juu ya mizani, inajipima inavyopungua uzito kila sekunde na kujirekebisha. Sasa hopa ikikaribia kwisha lazima ijazwe, na wakati inajazwa mizani haiwezi kujua imepungua ngapi manake inaongezeka, kwa hivyo kwa sekunde kadhaa inakwenda kwa kukisia, inazungusha kwa kasi ile iliyokumbuka. Poda mpya inayoanguka inaikandamiza ile ya chini, inakuwa nzito zaidi kwa ujazo ule ule, na dawa inazidi bila fida kujua. Suluhisho lake siyo ghali: jaza kidogo kidogo na mara nyingi, usiache hopa ishuke mpaka chini ndipo ujaze kwa kishindo.

Kitu cha pili ni kujua kosa likiingia litatokea wapi na lini. Hapa nilimkumbusha mpwa wangu mashine ya kusaga unga. Ukienda na mahindi yako na aliyekutangulia alisaga mtama, unga wako wa kwanza unatoka na weusi weusi, kisha unapungua, kisha unakuwa mweupe. Wamama wanajua, wanamwambia mwenye mashine ngoja ule wa mwenzangu utoke kwanza. Mtama haukuisha kwa mara moja, ulitoka kwa mkia. Laini ya dawa iko vivyo hivyo, kilichoingia saa 4 na dakika 10 hakitoki chote kwa pamoja, kingine kinawahi kingine kinachelewa, na ule mkia wake lazima uupime kabla hujaanza kuuza kitu. Ukishaujua, fida ikikosea kwa sekunde 20 unajua ufungue mlango wa kutupia lini na uufunge lini. Hesabu yake inapendeza: laini ya kilo 25 kwa saa ikitupa dakika 2, imetupa gramu 833, hizo ni tembe kama 1,390 za parasetamoli. Linganisha na zile nusu milioni.

Na kukua kwake ni kuendesha muda mrefu zaidi kwa mashine ile ile. Ulichofanyia majaribio ndicho unachouzia. Kama mfululizo una kitu kimoja cha kuuonea wivu, ni hiki.

Dunia ilianza kuukubali siyo zamani. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikuwa imeshatoa mwongozo wa kupima ubora njiani tangu 2004, lakini dawa mpya ya kwanza waliyoipitisha ikitengenezwa kwa mfululizo ni Orkambi ya kampuni ya Vertex, 2015. Mwaka uliofuata Janssen wakaruhusiwa kuhamisha Prezista, dawa ya virusi vya ukimwi, kutoka bechi kwenda mfululizo kwenye kiwanda chao cha Gurabo, Puerto Rico. Ya pili hii inanigusa zaidi, kwa sababu walihama na dawa iliyokuwa tayari iko mikononi mwa wagonjwa, na kuhama ni kugumu kuliko kuanza.

Hewa

Nitakaa hapa kidogo, manake sisi wa Pwani tunaielewa hewa na wenye kuuza mitambo mara nyingi hawaisemi. Kiwanda kimoja nilichofanya kazi hakikuwa na mashine ya kukausha hewa inayoingia FBD, walipasha moto tu hewa ya nje. Miezi ya kiangazi bechi ilikauka kwa dakika 35, mvua zikianza bechi ile ile, mashine ile ile, digrii zile zile, inakwenda dakika 50 na zaidi. Hakuna aliyepiga kelele, fundi anapima LOD, haijafika, anaongeza dakika, inafika, anasaini. Bechi ilisubiri. Mimi nililalamika kwa sababu zile dakika za ziada punje zinagongana na kuvunjika kuwa vumbi, tembe za msimu wa mvua zilikuwa zinapasuka vichwa zaidi, lakini angalau LOD ilikuwa sawa kwenye karatasi.

Chukua hewa ile ile uipeleke kwenye draya ya vyumba sita. Chumba kina zamu yake, zamu ikiisha kinamwaga hata kama punje ni mbichi, kwa sababu nyuma yake skrubu inaendelea kusukuma nyengine na haina pa kuziweka. Unaweza kupandisha joto kidogo, unaweza kupunguza kasi, lakini huwezi kusema ngoja. Kwa hivyo mtu akitaka kuweka mfululizo mahali kama Malindi ama Lamu, ambapo unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 70, na wakati wa kusi na mvua ya masika ndio usiseme, pesa za kwanza ziende kwa kukausha hewa, hata kabla ya skrubu. Watu wa mashamba ya chumvi kule Gongoni na Marereni hawahitaji kuelezwa, mvua ikinyesha kwenye bwawa wanangoja jua, wana bwawa la kungojea. Draya haina bwawa.

Stima ni vivyo hivyo. Ikikatika kwenye RMG una bechi moja ya kuandikia ripoti. Ikikatika kwenye laini una granyuli mbichi zinazokaukia ndani ya skrubu, vyumba vitatu vya nusu kavu, na fida ambazo zikiwaka tena zinaanza upya kujitafuta. Jenereta inayochelewa nusu dakika haikusaidii, unahitaji betri za kushikilia pale katikati.

Jinsi ya kuamua

Mpwa wangu alitaka jedwali, nikamwambia hapana, uliza maswali kwa mpangilio huu na ukikwama kwenye moja usiruke.

Anza na kiasi. Mwaka mzima dawa hii moja unatengeneza tani ngapi? Laini ya kilo 25 kwa saa ikienda usiku na mchana inatoa kilo 600 kwa siku. Kama mwaka mzima unahitaji kilo 900, utaiendesha siku moja na nusu, na kila ukiwasha dakika za mwanzo unazitupa mpaka itulie, na ukizima unaifungua yote kuosha. Kiwanda chenye dawa 60 ndogo ndogo, leo ya minyoo kesho ya presha, mimi nakiambia wazi kibaki na bechi na kiboreshe bechi zake. Kiwanda chenye dawa 3 ama 4 zinazokwenda kwa tani, za sukari, za malaria, za ARV, hicho ndicho cha kufikiria.

Kisha dozi. Parasetamoli ni karibu asilimia 83 ya tembe yake, kwenye laini ya kilo 25 kwa saa fida inadondosha gramu kama 347 kwa dakika, kazi rahisi. Dawa ya 0.25 mg kwenye tembe ya 100 mg ni asilimia 0.25, hiyo ni gramu 1 na kidogo kwa dakika. Gramu moja kwa dakika, ya poda inayonata! Ni vigumu kupata fida ya kiwandani utakayoiamini hapo. Mara nyingi utalazimika kuichanganya kwanza na laktosi ndani ya blenda, yaani umeanza na bechi ndogo kabla ya mfululizo. Siyo dhambi, lakini uijue kwenye hesabu.

Kisha poda yenyewe inakuja sawa kila mara? Bechi inasamehe kwa sababu ya yule fundi mwenye konzi. Laini haina konzi. Msambazaji akibadilisha ukubwa wa chembe, fida inabadilika tabia. Kabla ya kununua chuma chochote, chukua mizigo kumi ya nyuma ya kila kiambato, pima ujazo wake umemwagwa na ujazo wake umegongwa gongwa, uone unatofautiana vipi. Ukiona namba zinaruka ruka, tatizo lako liko kwenye ununuzi, na laini italipigia kelele kila siku.

Kisha watu. Bechi inahitaji mikono mingi na macho ya uzoefu. Mfululizo unahitaji wachache lakini wanaosoma grafu, wanaotengeneza modeli za yale macho ya infraredi na kuzitunza, manake modeli inachakaa kama kisu. Usiwafukuze mafundi wa RMG siku ya kwanza, wao ndio wakisikia sauti ya skrubu imebadilika wanajua imekauka kabla grafu haijasema.

Halafu karatasi. Kwa Kenya, kuhamisha dawa iliyosajiliwa kutoka bechi kwenda mfululizo siyo marekebisho madogo, ni faili nzima kwa Bodi ya Dawa na Sumu yenye ulinganisho wa kuyeyuka, wa uthabiti, na maelezo ya bechi umeieleza vipi na cha kutupa unakijua vipi. Usianze kuuza ukifikiri utaeleza baadaye.

Na siyo lazima uhame wote. Mashine ya tembe tangu zamani ni ya mfululizo, na ile ya roli mbili ya granyuli kavu pia, poda inaingia utepe unatoka. Viwanda vingi tayari vina vipande viwili vya mfululizo vilivyotenganishwa na mapipa. Ningekuwa na pesa kidogo ningeanza hapo, dawa isiyopenda maji, roli, kisaga, fida mbili nzuri, nijifunze kuongoza mtiririko bila draya kuninyima usingizi.

Jikoni

Hii usifanye na dawa yoyote, ni unga tu wa kujifunzia. Tulitumia unga wa muhogo kilo moja, mzani wa jikoni, gilasi iliyonyooka, sirinji ya 20 ml, rangi ya biriani nyekundu, chekeche la plastiki, na mashine ya mkono ya kusagia nyama.

Pima kwanza unga wenyewe. Tia kwenye gilasi mpaka sentimita 10, usiushindilie, kisha gonga gilasi mezani juu ya kitambaa mara 100. Wetu ulishuka mpaka 7. Toa 7 kwenye 10, gawanya kwa 10, zidisha kwa 100, ni 30; namba ikiwa kubwa hivyo ni unga mbaya wa kumwagika. Kisha chukua gramu 50, weka kwenye kikaango moto mdogo ukikoroga mpaka uzito usishuke tena, uandike umepungua ngapi. Unga wa muhogo una maji yake ya asili zaidi ya moja kwa kumi mara nyingi, kwa hivyo lengo lako siyo asilimia 2 ya kiwandani, lengo ni kurudi pale pale ulipoukuta.

Bechi: pika uji wa gundi, gramu 10 za unga kwenye maji 100 ml mpaka ung'ae, uuache upoe. Nusu kilo ya unga kwenye beseni, tia gundi kidogo kidogo ukipukusa kwa vidole kama unavyopukusa unga wa mahamri na samli, ukihitaji zaidi ongeza maji kijiko kijiko. Finya konzi, jaribu na kidole gumba. Ikifika, sugua kwenye chekeche, tandaza kwenye sinia, anika darini. Sisi tulianika saa 4 asubuhi, saa 9 mchana zilikuwa tayari, na siku ya mawingu ungengoja kesho, si umeona. Rudia gilasi: zetu zilishuka kutoka 10 hadi 8.6, yaani 14. Zinamwagika kama mchele.

Mfululizo: toa kisu na sahani ya matundu kwenye mashine ya nyama, ibaki skrubu peke yake, ifunge mezani imara, na vidole visiingie mdomoni mwake. Mmoja anazungusha mzunguko mmoja kila sekunde mbili, mmoja anatia kijiko cha unga kila sekunde 5, wa tatu anadondosha gundi kwa sirinji pale pale unga unapoingia, 3 ml kwa kila kijiko, kisha mrekebishe. Dakika mbili za kwanza zitatoka takataka, vumbi mara madonge, zitieni bakuli la kando na muandike ni gramu ngapi. Ikitulia, tia rangi ya biriani kidogo ncha ya kisu na uwashe saa ya simu. Kwetu wekundu ulionekana sekunde ya 20, ukakoza kwenye ya 35, na wapinki wa mwisho ulitoka sekunde ya 80. Huo ndio mkia. Chora kwenye karatasi, giza la rangi huku, sekunde kule.

Katikati ya kazi simu ya mpwa wangu ikalia, akaacha kutia unga, sirinji ikaendelea. Sikumwambia kitu. Sekunde 20 baadaye zikaanza kutoka tambi. Aliporudi kutia unga akafikiri yamekwisha, lakini tambi ziliendelea kwa karibu dakika nzima, na akajaribu kuzirudisha juu zipite tena, nikamzuia, manake ukizirudisha hujui tena kilichomo ndani ni cha saa ngapi. Tuliziweka kwenye bakuli la kutupa na tukaandika muda, tulipofungua na tulipofunga.

Mkimaliza, kabla hamjapumzika, pimeni na kuosha. Beseni, chekeche na sinia zilimchukua mpwa wangu dakika 6. Mashine ya nyama, kuifungua, kutoa unga ulioganda kwenye kona za skrubu kwa mswaki, kuikausha isishike kutu na kuirudisha, dakika 23. Iandikeni hiyo namba kwenye karatasi ile ile yenye mchoro wa wekundu.